Kutoka Njombe Hadi Kariakoo, Kutafuta Poda ya Uso Wangu

Sebuleni kwetu hapa Njombe ipo picha moja ukutani ambayo mgeni akiingia namkalisha kwenye kiti kinachoipa kisogo. Ni picha ya harusi ya binti yetu mkubwa, iliyofungwa Dar es Salaam mwezi Desemba 2018. Bibi harusi amependeza, baba yake amependeza, hata shemeji yangu asiyependa kupigwa picha anatabasamu. Mama wa bibi harusi, yaani mimi, nina uso mweupe kama mtu aliyetoka mashineni kusaga mahindi, shingo nyeusi ya siku zote, na kutoka kwenye kipaji cha uso hadi kidevuni pana michirizi miwili iliyochimbwa na jasho. Mume wangu alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kwa upole kabisa, "Huyu mama ni wa upande wa bwana harusi?"

Kosa halikuwa la mpiga picha. Faundesheni niliyojipaka siku ile nilikuwa nayo mwaka mzima, nikiitumia Jumapili hapa nyumbani bila matatizo. Ilikuwa krimu nzito ya kikopo, na rangi yake ilikuwa nyeupe kuliko yangu kwa hatua mbili au tatu, kwani niliamini, kama wengi wetu tulivyoaminishwa, kwamba kujipodoa ni kujing'arisha. Juu yake nilipaka poda ya mtoto. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu alifanya hivyo pale ilipopatikana.

Binti yetu wa pili alipotuambia kwamba naye ataolewa Desemba 2022, na huko huko Dar es Salaam, niliazimia kwamba safari hii picha yangu haitafichwa. Sikujua kwamba safari ile ingenirudisha kwenye picha ya kwanza kwa njia nyingine kabisa.

Kioo kidogo ndani ya basi

Niliondoka Njombe katikati ya Novemba, majuma matatu kabla ya harusi, kwani mama wa bibi harusi ana mengi ya kutazama: sare za ndugu, chakula cha wageni, na wageni wenyewe watalala wapi. Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilivaa sweta, nikajifunga kitenge juu yake, na usoni nikajipaka kwa makusudi faundesheni yangu ya Jumapili. Nilitaka kuona ni wapi hasa inaponishinda. Jirani yangu wa kiti, dada mmoja mwalimu aliyekuwa akirudi Morogoro, alishangaa nilivyotoa kioo kila tulipopita mji. Nikamweleza sababu. Akacheka sana, halafu akakiomba na yeye ajitazame.

Makambako, uso ulikuwa kama nilivyoutoa nyumbani. Mafinga, palipo na misitu ya misonobari, ilikuwa bado baridi na sikuona tofauti. Iringa tulishuka kunywa chai, nikajiona mwanamke nadhifu. Ilula wauza nyanya walikimbilia madirishani na ndoo zao. Kisha tukaanza kushuka Kitonga.

Waliopita Kitonga wanaijua. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, malori yanapanda kwa kuguna, na kila kona mnayoiacha nyuma ni kama mtu amefungua mlango wa jiko. Tulipofika chini Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu, basi zima lilikuwa limevua masweta. Nikatazama kioo: pua inang'aa. Nikaigusa kwa tishu, tishu ikatoka na rangi. Tembo wa Mikumi sikuwaona vizuri kwa sababu nilikuwa nashughulika na kipaji cha uso. Morogoro yule mwalimu alishuka, akanishika mkono na kuniambia, "Mama, hiyo imekwisha. Nawa tu." Tulipofika Chalinze nikanawa kwa maji ya chupa.

Njia nzima ni zaidi ya kilomita 700, na mwenye uso alikuwa ni yule yule. Kilichobadilika ni hewa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai umande huganda kwenye majani. Dar es Salaam iko baharini kabisa, na kuanzia Novemba jua lake ni kali na hewa yake imejaa unyevu. Ngozi ya uso ina tezi ndogo ndogo za mafuta, nyingi zaidi kwenye kipaji, pua na kidevu. Kwenye baridi mafuta hutoka kidogo na kukaa mahali pake. Kwenye joto hutoka kwa wingi, huwa mepesi na kutambaa. Jasho nalo hutoka, na kwa kuwa hewa ina maji tayari, halikauki. Krimu nzito ikiwekwa juu ya mafuta na jasho huelea kama jani juu ya mto. Hivyo mama wa Njombe au Lushoto mwenye faundesheni anayoisifu asimpelekee dada yake wa Tanga au Mombasa kama zawadi, na wa Mombasa naye asilete yake huku. Mimi mwenyewe nimewahi kupokea zawadi kama hiyo, ikanikausha uso hadi nikaonekana nimepakwa vumbi.

Kimara hadi Gerezani

Binti yangu alinipokea usiku kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi. Alikuwa amepungua mwili, nikaona ni mawazo ya harusi. Alikuwa pia amependeza, uso umetakata, nami nikamwambia hivyo hivyo mbele ya rafiki yake: "Mwanangu, umekuwa mweupe! Dar imekukubali." Naomba ulikumbuke neno hilo, msomaji, kwani nitalirudia.

Jumamosi tulipanda mwendokasi kutoka Kimara, tukashuka Gerezani, tukaingia Kariakoo kwa miguu. Kariakoo si mahali pa kueleza kwa haraka. Jina lake limebaki kutoka Vita Kuu ya Kwanza, pale Waingereza walipowaweka hapo wapagazi wao wa jeshi, wale wa Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza neno hilo kuwa Kariakoo. Jengo la soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, na siku ile tulipopita lilikuwa bado limezungushiwa uzio. Lakini biashara haikulingoja jengo. Mtaa wa Kongo huwezi kunyoosha mkono bila kumgusa mtu. Tulishika mikoba kifuani tukapenya.

Maduka ya vipodozi ni mengi mno, na mengine hupanga kopo juu ya kopo hadi darini. Shauri langu la kwanza kwa mama atakayekwenda: usinunue kwa aliyetandika bidhaa zake juani. Joto huharibu faundesheni, mafuta yake hujitenga na rangi, na wadudu wa maradhi hupata pa kuzaliana. Tazama tarehe. Tazama pia alama ya kikopo kilichofunguliwa kifuniko, yenye tarakimu na herufi M. 12M maana yake ni miezi 12 tangu siku ulipofungua. Krimu yangu ya Jumapili, nilipoitazama sawasawa, ilikuwa imepitwa zamani.

Tuliingia duka moja dogo lenye feni na kaunta ya kioo. Binti aliyekuwa akiuza alitusalimu, "Shikamoo mama," nikamwitikia, nikamweleza shida yangu, huku kidole changu kimekwisha kwenda chenyewe kwenye chupa ya rangi ya maziwa ya chai.

"Hiyo si yako, mama," akaniambia. "Hiyo ni ya jirani yako."

Kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa dukani. Nitaivaa wapi, kwa saa ngapi, na uso wangu naunawa kwa nini. Nikamwambia naunawa kwa sabuni ya kufulia, mara nne kwa siku, niyaondoe mafuta. Akatikisa kichwa. Sabuni kali huivua ngozi na kuiacha inawasha na kubana, wala haizizuii tezi kutoa mafuta. Mara mbili kwa siku zinatosha, kwa sabuni laini ya uso, na baada yake losheni nyepesi ya majimaji. Wengi wenye ngozi ya mafuta huiruka losheni, kisha faundesheni inakamata pale palipokauka na kuteleza pale palipolowa.

Kuhusu faundesheni yenyewe, alinifundisha kusoma boksi. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi wake, kilicho kingi kikiwa cha kwanza. Kwa ngozi ya mafuta unatafuta iliyoanza na maji, au yenye dimethikoni na ndugu zake, ambazo hukaa juu ya ngozi kama utando mwepesi mkavu. Ukiona nta na mafuta mwanzoni mwa orodha, hiyo ni ya mwenye ngozi kavu. Boksi likiandikwa "oil-free" maana yake haina mafuta, na "non-comedogenic" maana yake mtengenezaji anasema haizibi vinyweleo na kuleta chunusi. Neno "matte" maana yake haing'ai. Hata hivyo asikudanganye mtu: hakuna boksi linaloweza kuyazuia mafuta yatokayo ndani yako mwenyewe. Linaahidi tu kutoyaongeza.

Sasa rangi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Rangi za faundesheni kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi za chuma, ambazo ni kama kutu iliyosafishwa: ya njano, nyekundu na nyeusi, pamoja na unga mweupe wa titani. Wanaotengeneza rangi za watu weusi kwa kuongeza nyeusi tu ndani ya rangi ya Mzungu hutupatia lile jivu tunalolijua. Ngozi zetu zina wekundu au unjano ndani yake, na mama wawili weusi sawasawa wanaweza kuhitaji chupa mbili tofauti. Kwa miaka mingi ilikuwa shida kupata chupa hizo. Eunice Johnson wa Chicago alianzisha Fashion Fair mwaka 1973 kwa ajili ya wanawake weusi, Iman, aliyezaliwa Somalia, akaanzisha yake mwaka 1994, na Rihanna alipotoa Fenty Beauty mwaka 2017 yenye rangi 40 kwa mpigo, makampuni mengine yakaona haya na kuongeza zao. Leo hata kwenye kaunta ndogo ya Kariakoo huna sababu ya kuondoka na rangi ya jirani.

Yule binti alichukua vijiti safi vya pamba, kila chupa na kijiti chake, akanichora mistari mitatu kutoka shavuni kushuka taya hadi shingoni. Usijaribu faundesheni kwenye kiganja wala nyuma ya mkono. Mkono si uso. Kisha akanitoa nje. "Taa za dukani zinadanganya, mama. Kaa kivulini penye mwanga wa mchana, kunywa dafu, rudi baada ya nusu saa." Nusu saa hiyo ina sababu, kwani faundesheni nyingi hubadilika rangi kidogo zikishakutana na mafuta ya ngozi, na nyingi huwa nyeusi zaidi. Mstari uliopotea kabisa machoni, huo ndio wako. Wangu ulikuwa wa tatu, ule mweusi kuliko yote niliyoweza kufikiria kuununua.

Mstari uliokataa kupotea

Kabla sijatoka kwenda kunywa dafu, nilimwambia yule binti amchore na bibi harusi pia, tuokoe muda. Akamchora. Tukakaa sote wawili nje kwenye benchi, pembeni ya mkokoteni wa madafu, mwanga wa mchana ukitupiga usoni.

Mstari uliopotea kwenye shavu la mwanangu ulionekana kama chaki kwenye shingo yake. Uliopotea shingoni ulionekana kama masizi shavuni. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike. Masikio yalikuwa meusi. Mikono iliyoshika dafu ilikuwa ya maji ya kunde, lakini viungo vya vidole vilikuwa vyeusi, kila kimoja peke yake, kama vidole vya mtu aliyemenya ndizi mbichi. Nami ni mama, nimeishi. Nilijua.

"Unapaka mkorogo tangu lini?"

Alinyamaza kwa muda, muuza madafu akajifanya anatafuta panga lake.

"Tangu mwezi wa sita, mama."

Nilianza kufoka. Nilimwambia habari za figo, nikamwambia habari za aibu, nikamwambia kwamba Mungu hakukosea alipomuumba. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, tukiwa wadogo ulikuwa unatupaka poda ya mtoto tukienda kanisani, na dada ulikuwa unampaka kidogo kwa sababu yeye ni mweupe. Mimi ulikuwa unanirudia mara mbili. Na juzi nilipokupokea ulisemaje?"

Sikuwa na la kujibu. Dafu lilikuwa mkononi, siwezi kulinywa. Nilikumbuka ile picha ukutani, na kwa mara ya kwanza sikuona michirizi ya jasho. Niliona ile rangi niliyoichagua mwenyewe, kwa fedha ya mume wangu, kwa ajili ya harusi ya binti yangu mweupe.

Nilimwomba msamaha pale pale kwenye benchi. Haikuwa rahisi, mama wa umri wangu kumwomba mtoto msamaha hadharani, na Kariakoo inapita mbele yetu na mizigo kichwani. Alilia kidogo, faundesheni ikamwagika, tukacheka.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari wa ngozi. Alimwambia alete kopo lenyewe. Halikuwa na jina wala orodha ya viambato, na daktari akasema hilo ndilo baya kuliko yote, kwani hawezi kujua anapambana na nini. Mchanganyiko wa namna ile huwa na haidrokwinoni, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake na ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa ya bluu nyeusi yasiyofutika kirahisi, au dawa za steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuijaza chunusi, au zebaki. Zebaki hupenya ngozini, hudhuru figo na neva, na kwa mwanamke mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Aliposema hilo, binti yangu alinitazama. Alikuwa anaolewa baada ya majuma mawili na ushei.

Alipimwa mkojo kuangalia figo, majibu yakawa mazuri, tukamshukuru Mungu. Lakini hakuruhusiwa kuacha kila kitu na kwenda zake. Ngozi iliyozoea steroidi, ikiachishwa ghafla, huwaka, huwasha na kutoa vipele, hivyo alipewa dawa na utaratibu wa kufuata, pamoja na krimu ya kukinga jua ya kupaka kila asubuhi. Rangi ingerudi polepole, kwa miezi. Kwa harusi isingewahi.

Waganga wa mitaani na wauza krimu watakuambia kwamba serikali inapiga marufuku kwa wivu tu. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, yaani TBS. Zebaki na haidrokwinoni zimo kwenye orodha ya viambato visivyoruhusiwa. Mataifa nayo yalikubaliana kuhusu zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na mwaka 2023 yakaamua kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Hata hivyo kopo lisilo na jina halisomi sheria. Mama ndiye anayeweza kuliona juu ya kabati.

Poda

Tulirudi dukani kununua. Yule binti wa kaunta, ambaye nadhani alijua tangu Jumamosi na akanyamaza kwa heshima, alitupa shauri la busara. Faundesheni ya bibi harusi ilinganishwe na shingo na kifua chake, wala si uso. Uso urudi kwenye mwili wake, usiukimbie. Yangu ilinigharimu shilingi 25,000, nayo poda 15,000.

Poda ya kumalizia ndiyo inayoishika faundesheni isitembee. Ipo ya unga, ambayo ni nyepesi na inafaa kupakwa nyumbani, na ipo iliyoshindiliwa ndani ya kikasha chenye kioo, ambayo inafaa mkobani. Ndani yake mna ulanga laini, au silika, au wanga wa mchele au mahindi, vitu vinavyonyonya mafuta. Mwenye ngozi ya mafuta asichukue inayometameta, uso wake una mng'ao wa kutosha. Zipo poda nyeupe zinazoitwa za rangi zote. Juu ya ngozi nyeusi nyingi huacha ukungu, na zile zenye silika nyingi zinaweza kung'aa kama barafu taa ya kamera ikipiga. Kama unayo, jipige picha ya simu usiku kwa taa yake kabla ya siku ya sherehe, usingoje uione kwenye albamu. Mimi nilichukua ya rangi yangu.

Poda ya mtoto niliiuliza pia, kwa mazoea. Akasema haikutengenezwa kwa uso wangu wala haina rangi yangu, na vumbi lake si zuri kwa kifua, hata cha mtoto. Baadaye nilisoma kwamba Johnson & Johnson walitangaza Agosti 2022 kwamba kuanzia 2023 wangeacha kuuza duniani kote ile ya talki, baada ya kesi nyingi mahakamani, na kubaki na ya wanga wa mahindi.

Siku ya harusi tuliamka saa kumi usiku, kabla joto halijaamka. Uso ulinawishwa, ukapakwa losheni na krimu ya jua, ukaachwa dakika kumi. Nasisitiza dakika hizo kumi, kwani hapo ndipo wengi tunapokosea kwa haraka. Kisha faundesheni kidogo sana, kwa sponji safi iliyolowanishwa na kukamuliwa, ikagongwagongwa bila kusuguliwa. Pale penye makovu ya chunusi ikaongezwa tone moja, wala si uso mzima. Kisha poda, kwa kipamba, ikibonyezwa kwenye kipaji, pua, kidevu na juu ya mdomo. Mashavuni ikapitishwa tu. Ukisugua unaihamisha faundesheni uliyoiweka sasa hivi.

Kanisani, ibada ilipofika saa ya pili na feni zikawa zinasukuma joto tu, matroni wa bibi harusi alifanya kama alivyofundishwa: tishu kwanza, poda baadaye. Usimwage poda juu ya mafuta, utakoroga uji. Bonyeza tishu laini usoni, inyonye, ndipo uguse kwa poda kidogo. Alimfanyia bibi harusi mara tatu, nami mara nne, na mama mkwe mtarajiwa aliyekuwa mbele yetu akageuka na kuomba tishu na yeye.

Picha ililetwa Njombe mwezi wa pili. Mashavu ya mwanangu yanaonekana kidogo kuwa na mabaka ukiyatafuta, na vidole vimefichwa ndani ya maua. Nimeitundika karibu na ile ya 2018. Ile sikuitoa, ingawa sasa viti nimevipanga upya na mgeni anaziona zote mbili. Mume wangu alizitazama akasema, "Huyu namjua."

Rangi ya vidole vyake ilichukua zaidi ya mwaka kukaa sawa, na kipaji chake bado kina doa moja ambalo daktari anasema huenda likabaki. Amejifungua mtoto wa kike, mweusi kama mimi, na mwezi ujao nashuka kwa ubatizo. Chupa ya kwanza iliisha muda, nimekwisha kuagiza nyingine ya namba ile ile kwa dada anayesafiri, na nimemwambia aiweke kwenye mkoba wake, asiiweke kwenye buti la basi. Nitaipaka nikifika.

Mjukuu hatapakwa kitu.